Katuni zinazojitengeneza kutoka kwenye gemu: dalili, sababu na tiba

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana skripti inayochukua gemu iliyochezwa na kuitoa kama kurasa za katuni, kisha kurasa zikatoka na kasoro. Mfano tutakaoshikilia ni gemu ya mbio za mashua kutoka Shela hadi gati la Lamu, yenye hatua ya pili ya mbio za punda kwenye barabara ya ufukweni. Gemu imeundwa kwa Godot 4, injini ya kutengenezea gemu, na skripti ya katuni ni ya Python ikitumia Pillow na OpenCV, maktaba mbili za kushughulikia picha. Ukiwa na zana nyingine majina ya amri yatabadilika, lakini dalili ni zilezile.

Kazi hupita hatua tano. Gemu huandika logi, yaani faili la kumbukumbu ya matukio, picha huchukuliwa, matukio mazito huchaguliwa, visanduku hupangwa kwenye ukurasa, na mwisho huandikwa maneno. Wengi wakiona ukurasa mbaya hukimbilia hatua ya mwisho na kuanza kubadilisha fonti na rangi. Mabaharia husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo. Katika kazi hii ngama ni logi, na kasoro nyingi zinazoonekana ukurasani zilizaliwa humo.

Anza na karatasi ya ukaguzi

Kabla ya kugusa chochote, ifanye skripti itoe ukurasa mmoja usio na urembo: kila picha iliyochaguliwa ikiwa na upana wa pikseli 320, na chini yake jina la tukio, wakati wake kwa milisekunde, na alama ya uzito iliyopewa. Picha ikiwa si ya tukio lililoandikwa chini yake, kosa ni la wakati. Picha na tukio vikipatana ila matukio yenyewe yanachosha, kosa ni la uchaguzi. Yote yakiwa sawa hapo na ukurasa wa mwisho bado ni mbovu, ndipo uangalie mpangilio na maneno.

Maneno yanasema mashua imegongwa, picha inaonyesha bahari tupu

Pima kwanza umbali wa kosa mwanzoni, katikati na mwishoni mwa rekodi. Vipimo hivyo vitatu hukuambia sababu.

Kosa likiwa lilelile kote, tuseme sekunde 2.3 kila mahali, saa ya logi na saa ya video hazikuanza pamoja. Tengeneza alama ya kuanzia: gemu ikifunguka, ijaze skrini rangi ya zambarau kali kwa fremu 3 na wakati huohuo iandike kwenye logi tukio la `mwanzo`. Skripti itafute zambarau hiyo kwenye video na kuhesabu kuanzia hapo.

Kosa likikua kadiri muda unavyosonga, umehesabu fremu badala ya wakati. Video yenye fremu 29.97 kwa sekunde ukiihesabu kama 30, baada ya dakika 20 utakuwa umekosea fremu 36, yaani sekunde 1.2. Rekodi za skrini ya simu ni mbaya zaidi, kwa sababu simu hupunguza fremu inapochoka au kupata joto, kisha huziongeza tena. Zinyooshe kwanza:

`ffmpeg -i rekodi.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 sawa.mp4`

Kisha tafuta picha kwa sekunde, usitafute kwa namba ya fremu.

Kosa likirukaruka, mara sekunde 1 na mara 7, huenda ulikata video vipande kwa `-c copy`. Amri hiyo haiwezi kuanzia popote upendapo. Hurudi hadi fremu kamili iliyo nyuma, ile inayosomeka bila kutegemea nyingine. Libx264, kisimbaji cha video za H.264, isipoelekezwa vingine huweza kuachia hadi fremu 250 kati ya fremu kamili mbili, ambazo kwa kasi ya 30 ni zaidi ya sekunde 8. Chukua picha moja kwa moja kutoka kwenye video nzima, au kata kwa kusimba upya.

Upande wa gemu, wakati uandikwe kwa `Time.get_ticks_msec()`, usichukue saa ya kompyuta. Saa ya kompyuta hujirekebisha ikipata intaneti, na logi yako huruka nayo. Jambo jingine linalosahaulika: mchezaji akisimamisha gemu, muda wa ndani ya mchezo husimama lakini video huendelea. Andika zote mbili, moja kwa ajili ya kutafuta picha, nyingine kwa ajili ya kusimulia.

Hata saa zikipatana kabisa, sekunde ya tukio si lazima iwe sekunde ya picha. Mgongano huandikwa pale ubao unapogusa ubao, na papo hapo skrini hujaa povu na cheche. Jicho hutaka kuona kabla kidogo, mashua mbili zikikaribiana na tanga limejaa upepo. Kufika gatini ni kinyume chake, uzuri wake uko nusu sekunde baadaye, mabaharia wakinyanyua mikono. Kwa hiyo kila aina ya tukio iwe na nafasi yake kwenye jedwali: kugongana -0.3, kufika +0.5, kubisha (kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo) 0, na kadhalika. Chukua picha 5 kuzunguka nafasi hiyo, zikiachana sekunde 0.1, kisha chagua iliyo kali zaidi kwa `cv2.Laplacian(picha, cv2.CV_64F).var()`. Pima ukali ndani ya mraba wa mashua tu. Ukipima picha nzima, mawimbi yaliyoganda yatashinda kila mara, na utapata bahari safi yenye mashua iliyofifia.

Stima ilikatika, na rekodi haifunguki

Faili ya MP4 huandika faharasa yake mwishoni. Kompyuta ikizimika kabla, picha zote zimo lakini hakuna wa kuzisoma. Kwenye OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, rekodi kwa MKV, kisha geuza kuwa MP4 ukimaliza. Logi nayo iandikwe tukio moja kwa mstari mmoja wa JSON, na kila baada ya mstari uite `flush()`. Stima ikikatika kwa kawaida utapoteza mistari michache ya mwisho tu.

Ukurasa mzima ni tukio moja

Visanduku sita, vyote mashua ileile ikisugua mwamba uleule. Godot hupiga hesabu za fizikia mara 60 kwa sekunde, na mgusano wa sekunde 2 unaoandikwa kila mpigo unazaa mistari 120. Skripti inadhani kumekuwa na ajali 120. Andika mwanzo na mwisho wa mgusano pekee, na upande wa skripti unganisha matukio ya aina moja, ya washiriki walewale, yaliyotokea ndani ya sekunde 3.

Ukishafanya hivyo, toa alama kwa uhaba. Gawanya idadi ya matukio yote kwa idadi ya aina hiyo, kisha chukua logarithimu asilia. Mbio zenye matukio 400, kubisha 200, kugongana 12 na kupwelewa (kukwama maji yakipwa) 2, zitatoa alama 0.69, 3.51 na 5.30. Kubisha, ambako hutokea kila mara upepo ukiwa wa mbele, hakutajaza kurasa tena, na mashua iliyopwelewa funguni itapata kisanduku kikubwa kama inavyostahili. Mwanzo na mwisho wa mbio viingie siku zote, bila kujali alama.

Uhaba peke yake huleta shida nyingine. Msomaji anaona mashua imekaa juu ya mchanga na hajui imefikaje. Tukio la kupwelewa lazima lije na sababu yake. Weka kwenye logi namba ya tukio lililolisababisha: hapa ni maji kupwa, na kabla yake nahodha kukata njia ya mkato karibu na fungu. Skripti ikichagua tukio lenye alama zaidi ya 3, iburute na sababu yake hata kama sababu hiyo ina alama ndogo. Hatua hii ndiyo inayogeuza mlolongo wa ajali kuwa hadithi. Tumeiona ikisaidia kuliko kichujio chochote cha picha.

Mashua inaonekana kurudi ilikotoka

Jiografia inaeleza vizuri. Kamera ikikaa upande wa kisiwa cha Manda, ng'ambo ya maji, ikitazama kisiwa cha Lamu, Shela iko kushoto na mji wa Lamu uko kulia. Mashua inayotoka Shela huenda kutoka kushoto kwenda kulia, sawa na jicho la msomaji wa herufi za Kilatini. Kisanduku kinachofuata kikichukuliwa na kamera ya upande wa Lamu ikitazama Manda, mashua ileile, katika mwendo uleule, itaonekana ikienda kushoto. Msomaji ataamini imegeuza.

Tiba ni kuchora mstari kutoka chombo hadi kinapokwenda, na kukataa kamera yoyote iliyo ng'ambo ya pili ya mstari huo mpaka mahali pabadilike au kisanduku cha katikati kionyeshe chombo kutoka omo au tezi, kikielekea msomaji au kikimpa mgongo. Usijaribu kupindua picha kama kwenye kioo. Maandishi ya tangani yatasomeka kinyumenyume, na mnara wa msikiti wa Shela utahamia upande usio wake. Mtu wa Lamu ataona mara moja.

Mahali pakibadilika, kisanduku cha kwanza kiwe cha mbali, chenye alama inayotambulika. Gati, ngome, au minazi ya Shela inatosha.

Mistari ya wino imekuwa vumbi

Vichujio vya kugeuza picha kuwa mchoro hutafuta mabadiliko ya ghafla ya mwanga. Paa la makuti lina maelfu ya mabadiliko hayo, ukuta wa mawe ya matumbawe nao vivyo hivyo, na maji yanayometa ndiyo yanayozidi. Matokeo ni madoa meusi kila pahali isipokuwa pale ulipotaka mstari.

Fuata mpangilio huu: punguza picha hadi ukubwa wa mwisho, pitisha `medianBlur` ya 7, kisha `bilateralFilter` yenye kipenyo 9 na thamani 75 na 75, ndipo `adaptiveThreshold` yenye mraba wa 9. Mraba uwe namba witiri, la sivyo OpenCV hukataa. Ukichora mistari kwanza halafu ukapunguza picha, mistari hukatika vipandevipande.

Bado ikiwa vumbi, tengeneza picha ya pili ndani ya gemu ambamo kila kitu kina rangi moja bapa: mashua nyekundu, bahari buluu, majengo manjano. Chora mipaka kwa kutumia picha hiyo. Mashua hupata mstari mmoja safi, bahari haipati hata mmoja.

Miraba midogo ikionekana kwenye anga, hilo ni kovu la kubana video. H.264 hugawanya picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, na rangi huhifadhiwa kwa robo ya wingi wa mwanga, ndiyo maana bendera nyekundu huvuja kingo zake. Dawa ya kweli ni kuchukua PNG kutoka kwenye injini yenyewe tukio linapotokea. Subiri `RenderingServer.frame_post_draw` kwanza, la sivyo unaweza kupata picha nyeusi au ya fremu iliyopita, na uhifadhi faili kwenye uzi tofauti (thread) ili gemu isikwame.

Maneno hayaenei kwenye kiputo, au ni madogo kama mchwa

Pillow hupima fonti kwa pikseli. Ukiandika 9 ukidhani ni pointi, kwenye ukurasa wa pikseli 300 kwa inchi utapata pointi 2.2 tu. Pointi 9 zinahitaji takribani pikseli 38.

Kiswahili kina maneno marefu, na kiputo kilichopimwa kwa lugha ya maneno mafupi hupasuka neno kama "hawatakufikishieni" likiingia. Pima neno refu kuliko yote kwa `textbbox`, na upana wa kiputo usiwe chini yake. Likizidi theluthi ya kisanduku, likate baada ya irabu, na usiache chini ya herufi tatu upande wowote. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, hivyo kanuni hiyo fupi haitavunja *ng'*, *ny*, *sh* wala *mb*. Maneno ya mkopo kama "maktaba" yawekee orodha ndogo ya pekee.

Alama ya *ng'* ina matatizo yake. Skripti zinazopamba nukuu huweza kuichukulia kama mwanzo wa nukuu na kuigeuza kichwa chini, au hufunga mstari wa maneno pale pale na kuangusha programu. Tumia nukuu mbili kwenye data, na uzime upambaji wa nukuu.

Anayesema kwanza awe juu kushoto. Kiputo kisifunike uso, wala tanga likiwa ndilo linaloonyesha upepo.

Mazungumzo yakiwa ya Kiamu, kikagua tahajia kitageuza "kitwa" kuwa "kichwa" na "yana" kuwa "jana". Viputo visipitishwe kwenye kikagua. Maelezo ya pembeni tu ndiyo yapitishwe. Na ukitaka maandishi kwa herufi za Kiarabu, hakikisha `features.check("raqm")` inajibu ndiyo. Bila Raqm, maktaba inayopanga na kuunganisha herufi, herufi hutoka moja moja bila kushikana, na huanzia upande usio wake.

"Jahazi imezama, punda kimeanguka"

Hii ndiyo kasoro inayomkera msomaji wetu kuliko picha mbovu, na haiponi kwa kurekebisha sentensi moja moja. Kiolezo cha aina ya "[kitu] + imezama" hakitoshi kwa Kiswahili, kwa kuwa kitenzi hufuata ngeli ya kitu. Mashua imezama, jahazi limezama, chombo kimezama, mtumbwi umezama, nahodha amezama.

Kila kitu kwenye gemu kiandikwe na umbo la umoja, umbo la wingi, na ngeli. Usihifadhi kiambishi peke yake. Ukihifadhi "i", hutajua kama ni mashua moja au mitumbwi mingi, maana zote huchukua "imezama". Hifadhi ngeli na idadi kila moja peke yake, kisha jedwali litoe kiambishi.

Viumbe hai wana kanuni inayopita umbo la jina. Punda na kiboko wote ni "ameanguka", wingi "wameanguka". Weka swali la kwanza kwenye skripti: je, ana uhai? Jibu likiwa ndiyo, ngeli nyingine zisiulizwe. Majina ya wachezaji yote yaingie humo, hata mchezaji akijiita Kisu.

Mgongano unahitaji pia kiambishi cha aliyegongwa: mashua imeligonga jahazi, imekigonga chombo, imeugonga mwamba, imemgonga punda. Kile cha viumbe hubadilika mbele ya irabu, *m* ikawa *mw* kama katika "imemwokoa", na mbele ya *u* ikawa *mu*. Kihusishi cha umiliki nacho kisiundwe kwa kuunganisha herufi. Ki na a hutoa "cha", vi na a hutoa "vya". Skripti isiyojua itaandika "kia". Andika jedwali lote kwa mkono, ni mistari kumi na kitu.

Idadi: moja, wili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli, sita, saba, tisa na kumi hazifuati. Majahazi mawili, majahazi manane, lakini majahazi saba. Katika ngeli ya mashua, mbili hubeba umbo lake, mashua mbili.

Vitenzi vifupi vinahitaji uangalizi. Mzizi wa kufa ukiwekwa kama "fa", skripti itatoa "amefa". Kwenye wakati wa "me" *ku* hubaki, amekufa, amekuja. Kwenye ukanushi wa wakati huo hutoweka, hajafa, hajaja.

Ili kupima, lazimisha skripti itoe kila kitenzi kwa kila kitu, umoja na wingi, na umpe mtu mzima anayesema Kiswahili kizuri asome kwa sauti. Sikio lake litakamata makosa haraka kuliko jicho lako.

Saa zimepotea

Kisanduku kinasema "saa mbili usiku", na mchezo ulikuwa saa nane. Mtu ameandika saa ya kompyuta kama ilivyo. Ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki. Baki likiwa 0 andika 12. Saa 18:40 inakuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, 02:00 inakuwa saa nane usiku. Kosa likiwa la saa tisa, makosa mawili yamekutana: logi iko kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Kenya kwa saa 3, na hesabu ya 6 haikufanywa.

Tukio la usiku wa manane nalo liandikwe "usiku wa kuamkia Ijumaa". Ukiandika "usiku wa Ijumaa", msomaji wa pwani anaweza kuelewa usiku unaotangulia, na mwingine unaofuata.

Kwenye skrini ni safi, karatasini au kwenye simu ni vibaya

Ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Mwanya wa milimita 5 kati ya visanduku ni pikseli 59. Picha ya skrini yenye upana wa 1920 inatosha sentimita 16. Ukikata robo tu ya picha hiyo, pikseli 960 kwa upana, usiipe zaidi ya sentimita 8.

Kwa wasomaji wa simu, tengeneza toleo la pili: kisanduku kimoja kimoja kwenda chini, upana wa pikseli 1080. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa tena na maneno madogo hufifia.

Kopi nyeusi na nyeupe ina shida moja ya pekee: tanga jeupe hupotea angani. Tumia ile picha ya rangi bapa kuzungushia mashua mstari wa pikseli 6, na anga ipake kijivu chepesi. Scene za usiku ziongezewe mwanga kwa gama ya 1.2 kabla ya kuchapa, kisha toa kopi ya ukurasa mmoja na uitazame juani, nje ya duka, kabla ya kulipia zote.